Chembe za Nyongeza

Alhamisi, 5 Septemba 1974

Mesye Warnie amenipa madaftari mawili ya shule. La kwanza ni la hesabu za baruti. La pili alisema ni la akiba, nami nimelichukua liwe langu bila kumwuliza. Nina umri wa miaka hamsini na mitatu, nadhani nastahili daftari.

Basi nijitambulishe, maana karatasi hainijui. Mimi ni Zuhura, mjane wa Rajabu, sonara wa Rwezamenyo, hapa Kigali. Watu walimsifu Rajabu kwa mikono yake, na mikono alikuwa nayo kweli, lakini macho yalianza kufifia mapema. Kwa miaka kumi na minane yeye alifua na mimi nilipima, nyuma ya pazia, ili wateja wasijue. Alipofariki nilifunga duka nikabaki na mizani yake: visahani viwili vya shaba, ulimi mwembamba katikati, na kisanduku cha mbao kinachonukia udi mpaka leo.

Mizani hiyo ndiyo iliyomleta Mesye mlangoni kwangu. Ni mhandisi wa maji aliyestaafu, Mbelgiji, anaishi peke yake katika nyumba kubwa kule Kiyovu. Raha yake duniani ni moja tu, kulenga shabaha kwa bastola kila Jumamosi na wazee wenzake, bondeni chini ya Nyarutarama. Risasi anajitengenezea mwenyewe. Ganda lililokwisha kulia analiokota, analisafisha, analitia fataki mpya, baruti, na risasi juu. Ana kipimio cha mkono cha kumiminia baruti, lakini mvua zikikaribia kinamwaga mara nyingi, mara kidogo. Anataka kila ganda lipate baruti ileile, bila tofauti hata ya punje.

“Madamu Zuhura,” aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, “watu wanasema mukono yako haikoseaka.”

Nilimwambia watu wamesema kweli. Aibu sina.

Jumatatu, 9 Septemba

Chumba changu cha kazi ni kile cha kufulia cha zamani. Dirisha moja, meza moja, kabati la kufuli ambalo ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari karibu kabisa na kabati lenyewe. Nilicheka peke yangu.

Mesye amenikatia kijiwe cha shaba chenye uzito wa baruti ya ganda moja. Nakiweka kushoto. Kulia namimina baruti kwa kijiko kidogo mpaka ulimi usimame. Kisha ganda linalofuata. Baruti yenyewe ni vibamba vidogo vya kijivu, vinateleza. Nilitegemea kitu cha kutisha, nimekuta kitu cha usingizi.

Mpishi wa Mesye anaitwa Munyaneza. Mtu mrefu, mpole, anatembea kwa miguu kila alfajiri kutoka mabondeni huko Nyarutarama. Ananiletea chai, anaiweka sakafuni nje ya mlango, hakanyagi ndani.

“Mama, ile dawa ya bunduki mimi naogopaga,” alisema. “Chai iko hapa.”

Jumamosi, 14 Septemba

Leo nimefanyiwa mtihani. Mesye alisimama begani kwangu, mikono nyuma, nikapima mara kumi. Kisha akazimwaga zote kumi katika kisahani kimoja, na kingine akaweka jiwe la uzito wa kumi. Ulimi ulisimama wima. Mesye alivua miwani akaifuta, akaivaa, akatazama tena.

Jioni alirudi kutoka bondeni na karatasi ya shabaha. Matundu matano, yote ungeyafunika kwa kifuniko cha chupa. Amenipa karatasi hiyo niende nayo. Nimeibandika ukutani kwangu, na jirani zangu wanauliza ni dawa ya nini.

Jumanne, 17 Septemba

Mwezi umeonekana. Leo ni funga ya kwanza, na mvua ya kwanza ya umuhindo, yaani vuli, imeanguka adhuhuri.

Munyaneza alileta chai, akanitazama, akapiga paji la uso. “Aa! Iko mufungo! Samahani, mama.” Akaondoka na kikombe akikificha kwa aproni.

Jumamosi, 21 Septemba

Mvua. Maganda mia na thelathini.

Jumatano, 25 Septemba

Saa tisa alasiri, ukiwa umefunga, ulimwengu unalegea kamba zake. Mvua inapiga bati la chumba cha kufulia, ukungu unapanda kutoka bonde la Nyabugogo mpaka unagusa dirisha, na mimi sijui tena kama napima au naota napima. Kijiko kinakwenda, ulimi unasimama, vidole vinamaliza, ganda linafuata. Mkono wangu umekuwa mwepesi ajabu. Nauacha ufanye kazi yake na mimi naenda ninakotaka.

Leo nilikwenda dukani kwetu. Rajabu alikuwa amekaa pale pale, na nyundo yake ndogo, hanioni. Akaniuliza, “Zuhura, umempa mtu haki yake?” Nikamjibu, “Nimempa na zaidi.” Akatabasamu akaendelea kufua. Nilipozinduka nilikuta nimejaza maganda arobaini bila kukumbuka hata moja, na machozi yamefika kidevuni. Namkumbuka sana mtu huyu. Miaka sita sasa.

Ijumaa, 27 Septemba

Munyaneza aliniuliza kupitia dirishani: “Mama, ile dawa inaogopaga mvua?”

“Inaogopa sana,” nikamwambia. “Ikishika unyevu hailii.”

Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama nimempa habari ya mgonjwa.

Jumatatu, 30 Septemba

Mesye hana raha. Karatasi ya Jumamosi ina matundu yaliyotawanyika, mawili yako nje kabisa juu. Anasema bastola inampiga mkono kuliko zamani. Kifundo cha mkono amekifunga kitambaa.

“Ni mvua?” nikauliza.

“Sijue,” akasema. “Mvua inapunguza nguvu. Hii inaongeza.”

Jumatano, 2 Oktoba

Nilikwenda kutawadha kwa ajili ya adhuhuri. Niliporudi nilimkuta Munyaneza ndani, yeye aliyeapa hakanyagi humu. Kabati liko wazi, mkono wake umo ndani hadi kiwiko. Aliponiona alishtuka, akafunga, akaning'iniza ufunguo.

“Naangalia tu, mama,” akasema.

Hakuna anayeangalia kwa kiwiko. Nimeliandika hapa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Leo sikuweza kusali vizuri, nitaandika nitulie.

Asubuhi kopo la baruti limekwisha. Mesye alileta daftari la hesabu, akajumlisha, akarudia. Kopo lile, kwa kijiwe chake, lilipaswa kujaza maganda elfu moja. Nimejaza mia tisa na ishirini na tatu. Baruti ya maganda sabini na saba haipo.

Akanipimisha tena, pale pale, kumi, yeye amesimama begani. Akazimwaga pamoja mbele ya jiwe la kumi. Ulimi wima. Nilijisikia fahari, Mungu anisamehe. Nilimtazama hivi, kwa upande, kama kumwambia unaona.

“Mukono yako iko muzuri,” akasema. “Basi mutu anachukua. Nani anaingiaka humu?”

Nami nikasema. Nilisema kweli tupu, nilichokiona, kiwiko na kabati na kushtuka. Nilisema hata “naangalia tu.” Kisha nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza, kwamba siku zote nilimwona ana upole uliopita kiasi.

Baruti si sukari. Mtu akiiba sukari anafukuzwa kazi. Mesye alipiga simu, wakaja askari wawili na gari. Munyaneza alikuwa anamenya viazi. Alisimama na kisu mkononi, wakamfokea akiangushe, akakiangusha. Alisema maneno machache tu: “Mesye, mimi iko hapa miaka nane. Sijaibaga hata chumvi.” Kisha akageuka kunitazama mimi. Wakamwingiza garini na aproni yake.

Viazi vilibaki ndani ya maji. Mwizi ni mwizi. Lakini viazi vile bado naviona.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua mchana kutwa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kopo jipya. Ufunguo sasa uko shingoni mwa Mesye.

Jumatano, 9 Oktoba

Mwanamke alinisubiri nje ya geti Kiyovu, amejifunika jani la mgomba, maji yanamtiririka. Ni Mukantwari, mke wa Munyaneza. Kiswahili chake kidogo, akanisemesha Kinyarwanda, taratibu, bila kelele. Anampelekea mumewe chakula kila siku, lakini hajamwona. Wanamwambia asubiri. Mtu wa baruti, wanasema, si wa kuachiwa hivi hivi. Wanataka awataje aliowauzia.

“Hana wa kumtaja,” akasema. “Akikosa wa kumtaja watamfanya nini?”

Nilimwambia amwombe Mungu. Nilipitia ule mlango wa geti nikaona haya, sijui kwa nini, kwa sababu mimi sikuiba kitu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Karatasi ya kesho ikiwa mbaya tena, itakuwa mwizi yuko selo na matundu bado yanatawanyika. Wazo hili limenijia mchana nikalifukuza.

Jumapili, 13 Oktoba

Ni mbaya. Saba kati ya kumi nje. Kopo jipya nalo naona linashuka haraka, na ufunguo uko shingoni mwa Mesye.

Jumatatu, 14 Oktoba

Andika, Zuhura. Usitafute maneno mazuri.

Alasiri nilipita dukani kwa shemeji yangu Twahiru kununua tende za kufuturu. Duka limejaa, watu wanazungumza wote kwa pamoja, mvua inavuja mlangoni. Twahiru akaweka jiwe la nusu kilo upande mmoja, upande wa pili akaweka tende, huku akinisimulia habari za goti lake linalomsumbua kwa baridi. Mizani ikalala sawa. Basi mkono wake ukarudi kwenye gunia, ukatoka na tende mbili, ukaziweka juu, na upande wangu ukashuka. Hakuacha kuzungumza. Hakuangalia hata.

“Shemeji,” nikamwambia, “umeongeza.”

“Nimeongeza nini?”

“Tende mbili. Mizani ilikuwa sawa, ukaongeza.”

Akatazama kisahani, akacheka. “Aa, hiyo! Hiyo tunaulizana tangu lini? Mizani lazima imwinamie mnunuzi, shemeji, usije ukasimama mbele ya Mungu umempunja mtu. Mwezi huu ndiyo kabisa. Si Rajabu ndiye aliyenifunza? Wewe si ndiye mwalimu wetu?”

Nilitazama vidole vyangu vitatu. Vilikuwa vimekutana vyenyewe, vimebana hewa, vinasubiri kunyunyiza.

Miaka kumi na minane. Ulimi ukisimama, ongeza chembe ya unga wa dhahabu, mizani iinamie mteja. Rajabu alinifunza hivyo wiki ya kwanza ya ndoa, naye alifunzwa na baba yake aliyetoka na desturi hiyo Ujiji. Mesye akisimama begani, nakumbuka kwamba hii ni baruti, nauzuia mkono. Mesye akiondoka na funga ikinilegeza, mkono unarudi dukani kwetu. Nampa Mesye haki yake na zaidi. Kila maganda kumi na mawili yamekula baruti ya ganda la kumi na tatu.

Munyaneza hakuchukua hata chembe. Niliichukua mimi, kwa ucha Mungu.

Niliacha tende kwenye kaunta. Twahiru aliniita mpaka nikafika kona.

Jumanne, 15 Oktoba

Nilifika Kiyovu kabla ya saa moja. Mesye alikuwa anajikaangia yai, ameliunguza. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

Hakuniamini. “Unamuhurumia Munyaneza,” akasema. “Muke yake alikuja kulia kwako. Nilimuona.”

“Nipime, Mesye.”

Tukaenda chumba cha kufulia. Nikapima kumi, akazimwaga, ulimi wima. Akafungua mikono yake: unaona?

“Ukinitazama, mkono unakuwa mgeni,” nikamwambia. “Geukia dirisha. Niulize habari za mume wangu.”

Alinitazama kana kwamba naweweseka kwa homa, lakini akageuka. Nje ukungu ulikuwa umeifunika bustani yote, hakukuwa na kitu cha kutazama. Akauliza Rajabu alikuwa mtu wa namna gani. Nikaanza kupima, nikaanza kusema. Nikamweleza bangili za arusi ya binti wa fundi cherehani mmoja, jinsi Rajabu alivyozikataa mara tatu akaziyeyusha upya, na bibi arusi analia mlangoni kwamba siku imefika. Nikamweleza alivyokuwa akinigusa kiwiko kuniuliza rangi ya moto, kwa sababu haioni. Sijui nilisema muda gani. Nilifika mahali ambapo Rajabu hakuona tena hata uso wangu, nikaishia hapo, na maganda kumi yalikuwa mbele yangu yamejaa.

Mesye aligeuka. Alizimwaga kumi zote katika kisahani, taratibu, akaweka jiwe la kumi upande wa pili. Kisahani cha baruti kilishuka mpaka kikagonga meza. Tulikisikia wote wawili.

Akakaa kwenye kiti changu. Akajishika kile kifundo cha mkono. “Ungeongeza kidogo tena,” akasema, “bastola ingepasukia mukononi mwangu.” Hakusema kwa hasira. Kisha akasema, polepole zaidi, “Miaka nane.”

Alitoa ufunguo shingoni akafungua kabati kurudisha kopo. Nyuma ya makopo, kwenye kona, niliona kitu cheupe. Nikakivuta. Ulikuwa mfuko mdogo wa kitambaa cha jikoni, umefungwa kwa uzi, na ndani mchele mkavu, vikombe viwili hivi. Mesye hakujua ni nini. Mimi nilijua, maana kila jiko la Kigali linatia mchele katika chumvi ili isishike maji. Nilimwambia Munyaneza dawa inaogopa mvua, naye, anayeiogopa dawa yenyewe, akaingia kuiwekea mchele.

Nililia mbele ya mzungu. Mesye alivaa koti, akachukua funguo za gari, akaenda kwa askari.

Alhamisi, 17 Oktoba. Idi

Munyaneza ametoka jana jioni. Leo baada ya sala nilipika pilau, nikashuka nayo mpaka mabondeni. Mukantwari alipokea sahani penye ua wa miti ya miyenzi, akaingia nayo, akarudi nayo tupu, imeoshwa. Ndani nilisikia mtu anakohoa. Sikukaribishwa.

Jumatano, 30 Oktoba

Mesye amemwandikia Munyaneza barua mbili, na ya pili aliipeleka mwenyewe kwa miguu. Munyaneza hakurudi. Mimi nimeacha kazi. Mesye alinisihi, akasema sasa tumejua, atakaa nami chumbani. Nikamwambia mkono huu ninao mmoja, siwezi kuufunza upya uzeeni, tena sitaki. Nimemwachia kijiwe chake. Mizani nimeibeba kwapani, kwenye mvua.

Jumapili, 17 Novemba

Nilikwenda tena. Nikamkuta Munyaneza analima, nikamwomba radhi nikiwa nimesimama kwenye tope, kwa Kinyarwanda ili pasiwe na neno la kujificha nyuma yake. Nikamwambia hata lile la upole uliopita kiasi. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, “Yego, mama, nimesikia.” Akainama akaendelea kulima.

Jumatatu, 25 Novemba

Radi. Paa la jirani limeondoka.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua imekatika tangu Jumatano. Vilima vyote vimetoka nje, hata vile vya mbali nilivyokuwa nimevisahau.

Munyaneza sasa anauza maharage katika kisoko cha chini ya kilima, yeye na Mukantwari, wamekaa kwenye gunia. Nilisimama kwenye mstari kama mteja yeyote. Zamu yangu ilipofika nikaomba mironko moja, kipimo cha hapa sokoni.

Aliijaza ile mironko ya mbao mpaka ikafanya kichuguu. Wote walionitangulia waliondoka na kichuguu chao. Kisha akachukua kijiti, akakipitisha juu, kutoka ukingo huu mpaka ule, na maharage yote ya ziada yakarudi guniani. Sawasawa kabisa. Sijaona kipimo cha haki kama kile, na uso wangu uliwaka moto. Niliona ninastahili. Nikafungua kitenge kupokea.

“Muongezee mama,” akasema Mukantwari kwa sauti ndogo.

Munyaneza alishika mironko hewani. Alinitazama kwa muda, kama alivyonitazama siku ile ya viazi, lakini safari hii nami nilimtazama. Watu nyuma yangu walianza kunung'unika. Akaingiza vidole guniani, akatoa harage moja, jekundu, akaliweka juu, katikati. Moja tu.

“Haya, mama,” akasema. “Ndiyo iko hiyo kwa leo.”

Nilipika mengine yote. Lile moja nimeliweka katika kisanduku cha mizani, kwenye kisahani cha kulia. Ulimi umeinama upande huo.